Somo la Milima: Jinsi Inavyozaliwa na Kubadilika

Mtoto wa Goma huiona milima kabla hajajua kuhesabu. Akitazama kaskazini siku isiyo na mawingu, huona moshi wa Nyiragongo; na usiku, mara nyingine, huona wekundu juu ya kilele. Basi huuliza: Mlima ule umetoka wapi? Mbona unawaka? Yampasa mzazi, na kila mtu mzima anayejiandaa kwa Ubatizo, kujua kumjibu kwa kweli. Mtoto aliyejibiwa kwa vitisho tu huogopa yasiyodhuru, wala haogopi yale yauayo.

MILIMA HUZALIWAJE

Dunia imevikwa gamba la mwamba. Chini ya gamba hilo mna joto kali mno, hata mawe huweza kuyeyuka. Katika nchi za maziwa makuu gamba hilo linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, milimita chache tu kila mwaka. Ndiyo asili ya Bonde la Ufa, lililobeba maziwa ya Edward, Kivu na Tanganyika. Penye ufa mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda. Yakitoka nje huitwa lava. Yakipoa huwa makoro, yale mawe meusi ambayo watu wa Goma hujengea kuta.

Mtoto ataelewa akionyeshwa chungu cha uji motoni. Uji hutokota, huinua kifuniko, humwagika ubavuni, kisha hukauka na kuacha utando. Ukimwagika tena, utando wa pili hukaa juu ya wa kwanza. Hali kadhalika mlima wa moto: lava juu ya lava, majivu juu ya majivu, kwa maelfu ya miaka. Ndivyo ilivyozaliwa milima minane mikubwa ya Virunga: Nyiragongo, Nyamulagira, Mikeno, Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura.

Walakini si kila mlima ni wa moto. Ruwenzori, wenye mita 5,109, haukujengwa na lava. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa juu kandokando ya Bonde la Ufa.

MILIMA HUBADILIKAJE

Mlima wa Mikeno, wenye mita 4,437, ulikuwa wa moto zamani, sasa umezimika. Mvua za miaka mingi zimeuchimba mabonde na kuuachia kilele chenye ncha. Nyamulagira ni mpana, nao hutoa lava mara nyingi. Lava yake ya miaka ya 1938 hata 1940 ilifika Ziwa Kivu.

Ziwa lenyewe ni kazi ya milima. Zamani sana maji ya nchi hii yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Milima ya Virunga ilipokua iliziba njia hiyo kama boma. Maji yakajaa, yakatafuta mlango wa kusini. Hata leo hutoka kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika.

Tena majivu na lava, vikikaa muda mrefu mvuani, huvunjika na kuwa udongo wenye rutuba. Viazi, maharage na kabichi za Kibumba na Rutshuru hukua juu ya kile kilichokuwa moto.

YALIYOTUKIA

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ni nyepesi sana. Siku ile ilishuka upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia, watu wengi wakafa.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao kwenda Gisenyi, nchini Rwanda.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, ilishuka tena, bila watu kupewa onyo. Ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Katika kukimbia, watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

SI ADHABU WALA UCHAWI

Wazee walisimulia kwamba roho za wafu hukaa katika moto wa Nyiragongo. Wengine husema mlima huwaadhibu wakosefu, au kwamba jirani fulani ameuamsha kwa uchawi. Maneno hayo si kweli, tena huzaa chuki. Mwaka 2002 lava iliteketeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, nyumba ya sala. Mlima hauchagui mwema na mbaya. Lava hufuata mteremko, kama maji. Kwa hiyo asihukumiwe mtu aliyepoteza nyumba, bali asaidiwe.

MASWALI YA KUFUNDISHA WATOTO

Swali: Mazuku ni nini?
Jibu: Ni hewa mbaya itokayo ardhini. Haionekani, wala haina harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa mashimoni na mabondeni kama maji, hasa asubuhi pasipo na upepo. Mbuzi na mtoto, walio wafupi, hufa kwanza.

Swali: Mtoto aijuaje?
Jibu: Akiona shimoni ndege, wadudu au wanyama waliokufa, asishuke. Mwenzake akianguka humo asimfuate, bali abaki mahali pa juu na kupiga kelele kuita watu wazima.

Swali: Lava iliyokuwa nyeusi juu imepoa?
Jibu: Hapana. Huweza kuwa gamba jembamba juu ya moto. Asiikanyage mtu.

Swali: Mtoto ajue nini kabla ya siku ya kukimbia?
Jibu: Ajue majina kamili ya baba na mama, jina la mtaa wake, na mahali ambapo jamaa wote wamepatana kukutana.

Swali: Ni lini afundishwe hayo?
Jibu: Leo, mlima ukiwa umetulia. Siku ya moto hakuna nafasi ya kufundisha.