Kununua vitabu vya zamani, sanaa na vitu vya kale mnadani: jua bei kamili kabla ya kuinua mkono

Mwaka jana nilitoa Sh1,500 kwa kitabu kimoja pale inama, kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu vya mitumba chini kando ya barabara katikati ya Nairobi. Kilikuwa A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Muuzaji alinifungulia ukurasa wa ndani akanionyesha kwa kidole: kimechapishwa mara ya kwanza 1967. "Kastoma, hii ni toleo la kwanza. Siku ukiipeleka mnadani utanikumbuka." Nikalipa kwa simu haraka haraka, kabla mtu mwingine hajaniwahi.

Jioni nyumbani ndipo nikaangalia jalada vizuri. Lilikuwa na jina Ngũgĩ wa Thiong'o. Shida ni kwamba kitabu hicho kilipotoka 1967, mwandishi alikuwa bado anatumia jina James Ngugi. Nakala yangu ilichapwa miaka mingi baadaye. Ni nzuri kusoma, na nimeisoma, lakini kwa mkusanyaji haina tofauti na zile zilizokuwa zimepangwa kando yake kwa Sh200. Na sikuwa na sababu ya kuomba pesa zirudishwe. Nilimtumia mtu niliyetaka kumtumia, kiasi nilichotaka. Kosa lilikuwa langu.

Nimeanza na hilo kwa sababu hasara nyingi kwenye biashara hii hazisababishwi na wezi wa PIN. Zinasababishwa na mtu kulipa kabla ya kuelewa anacholipia. Kwa hivyo kabla hatujafika kwenye simu, tuangalie kitu chenyewe.

Mwaka pekee hautoshi

Maneno "kimechapishwa mara ya kwanza" hubaki ndani ya kitabu hata kikichapwa mara ishirini. Soma mstari unaofuata, na unaofuata huo. Ukiona orodha ya miaka mingine chini yake, hiyo ni chapa ya baadaye. Vitabu vingi vya miaka ya karibuni huwa na safu ya nambari kutoka 1 hadi 10 kwenye ukurasa huo, na kwa wachapishaji wengi nambari ndogo kabisa inayoonekana ndiyo inakuambia hiyo ni chapa ya ngapi. Kama 1 imeondolewa na inaanza 2, ni chapa ya pili.

Halafu kuna suala la mchapishaji. Things Fall Apart cha Chinua Achebe kilitoka London 1958, kikiwa na jalada gumu, kutoka kwa Heinemann. Nakala ya jalada laini ambayo wengi wetu tunaijua, ile ya African Writers Series, ilikuja 1962. Ni nambari 1 kwenye mfululizo huo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa: nambari 1 ya mfululizo si toleo la kwanza la kitabu. Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta ni cha 1938, Secker & Warburg, London. Ukiuziwa kingine chochote kwa bei ya hicho, umepigwa.

Hali ya kitabu nayo ina uzito wake. Ile karatasi ya juu inayofunika jalada gumu, ambayo watu wengi huitupa, inaweza kubeba sehemu kubwa ya bei. Muhuri wa maktaba ya shule huishusha. Saini ya mwandishi huipandisha, ikiwa ni ya kweli.

Kwenye picha, somo ni lile lile. Edward Said Tingatinga alichora Dar es Salaam kwa miaka michache tu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipokufa 1972, na alikuwa akipaka rangi za mafuta juu ya mbao za hadibodi. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, wamechora maelfu ya picha kwa mtindo huo, nyingi juu ya kitambaa. Hizo ni kazi halali za wasanii wenyewe na nyingine zinapendeza sana. Lakini picha ya mtindo wa Tingatinga si picha ya Tingatinga, na tofauti ya bei ni kama ya bodaboda na basi. Muulize muuzaji: ilikuwa kwa nani kabla yako? Iliuzwa wapi? Kuna risiti, barua, au picha ya zamani inayoionyesha ukutani kwa mtu? Akijibu "niamini tu," mwache na picha yake.

Vitu vya kale vina sheria

Hapa naomba usiruke. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa kitu cha kale. Milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 zinalindwa pia, na ukiwahi kutembea Lamu unajua ni milango gani inayozungumziwa. Huwezi kusafirisha vitu hivi nje ya nchi bila kibali. Mtu akikupa mlango wa Lamu "wa bei ya kutupa" na kusema mteja wake wa Ulaya ameghairi, jiulize kwa nini ameghairi.

Vigango ni mfano unaouma. Hizi ni nguzo za ukumbusho ambazo Wamijikenda husimamisha kwa heshima ya wazee waliofariki. Kwa miaka mingi ziling'olewa na kuibwa, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia kwenye nyumba na makumbusho ya Marekani. Makumbusho kadhaa huko yamezirudisha. Ile ya Denver peke yake ilirudisha 30. Aliyezinunua mwanzoni huenda alipewa risiti safi kabisa. Risiti haikuzifanya kuwa zake.

Siku ya mnada

Mnada halali nchini unaendeshwa na dalali mwenye leseni kutoka Bodi ya Leseni za Madalali. Kuna minada ya vyombo vya nyumbani ambako unaweza kukuta kabati la zamani katikati ya friji mbovu, na kuna minada maalum, kama ule wa sanaa ya Afrika Mashariki ambao Circle Art ya Nairobi iliuanzisha 2013. Kote utapata siku ya kuangalia vitu kabla ya mnada. Nenda. Geuza picha uone nyuma yake. Vuta droo. Nusa kitabu, kweli kabisa, maana unyevu una harufu.

Kwenye katalogi kila kitu kina makadirio, mathani Sh150,000 hadi Sh200,000. Hiyo si bei. Mara nyingi kuna pia bei ya chini ambayo mwenye kitu hakubali kushuka, na hutaambiwa ni ngapi. Dalali anaanza chini, watu wanapandisha, na nyundo ikigonga mambo yamekwisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iko wazi: kabla nyundo haijagonga unaweza kuondoa bei uliyotaja, ikishagonga umenunua. Sheria hiyo hiyo inakataza mwenye kitu kujipandishia bei kimya kimya, yeye au mtu wake, bila wanunuzi kujulishwa mapema.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Tuseme umeshinda picha kwa Sh220,000. Ukumbi unaweza kutoza ada ya mnunuzi, na kila ukumbi una asilimia yake. Tuchukue 15 kwa mfano: Sh33,000. Kama ada hiyo inatozwa VAT ya asilimia 16, ongeza Sh5,280. Jumla ni Sh258,280, na bado hujalipa gari la kuibeba. Uliingia ukumbini na Sh220,000 kichwani, unatoka ukidaiwa karibu elfu arobaini zaidi.

Kwa hivyo anza nyuma kuja mbele. Kama una Sh200,000 pekee, toa usafiri, toa ada, kisha andika kwenye karatasi kiasi cha mwisho utakachotaja. Kwa mfano wetu, hata bila usafiri, ni kama Sh170,000. Ukihisi mkono unawasha, acha bei yako ya juu kwa maandishi kwa wasimamizi kisha ukae nyumbani. Kumbi nyingi zinakubali hilo. Na tafadhali, usipandishe bei kwa mkopo wa simu. Mkopo una tarehe. Picha inaweza kukaa miaka kumi kabla ya kupata mtu wa kuinunua, na ukiiuza tena kupitia mnada kuna asilimia 5 ya msanii, ambayo sheria ya hakimiliki ilianzisha 2019. Mimi naona hiyo ni haki yake, lakini iweke kwenye hesabu.

Sasa simu

Rudi kwenye ile Sh258,280. Muamala mmoja wa pesa kwa simu una kikomo cha Sh250,000, kwa hivyo malipo hayo hayatapita mara moja. Utahitaji kuyagawa mara mbili, na jumla ya siku isizidi Sh500,000. Waambie wahasibu wa mnada mapema kwamba utalipa mara mbili, na utumie nambari ile ile ya kitu ulichonunua kama nambari ya akaunti mara zote mbili. Ukikosea hapo, pesa zinafika lakini hakuna anayejua ni za nini, na kuna minada inayotoza kwa kila siku kitu kinapokaa stoo.

Amana ya kujisajili ndiyo mlango wanaopenda matapeli. Ujumbe unakuja WhatsApp na picha nzuri za viti vya enzi vya Lamu, mnada ni kesho, tuma Sh5,000 uhifadhiwe nafasi. Nambari ni ya mtu binafsi. Mnada wa kweli una Paybill au Till, na kabla ya kukamilisha malipo utaona jina la biashara. Lisome. Kama haliendani na jina lililo kwenye katalogi, simama hapo hapo, upige simu kwa ofisi yao kwa nambari uliyoitafuta wewe mwenyewe, sio ile iliyo kwenye ujumbe. Uliza pia kwa maandishi kama amana hurudishwa usiponunua kitu, na baada ya siku ngapi. Ukituma kwa mtu mbaya, omba kurudishiwa dakika hiyo hiyo, maana akishatoa pesa kwa wakala hatuna cha kushika.

Na kama wewe ndiye unauza, labda kiti cha babu au sanduku la vitabu alilokuachia shangazi, usimkabidhi mnunuzi kitu kwa kuona SMS pekee. SMS hughushiwa. Angalia salio lako kwanza, yeye akisubiri na kiti kikiwa bado ndani ya nyumba.

Ukishalipa, weka ujumbe wa malipo, risiti ya dalali na ukurasa wa katalogi pamoja, na upige picha ya vyote. Simu hupotea. Siku utakapouza, mnunuzi wako atakuuliza lile swali lililonishinda mimi pale inama: ilikuwa kwa nani kabla yako?