Somo la Shabaha: Kipenyo cha Bunduki na Kipimo cha Baruti Nyeusi

Yadi 1,000 ni karibu sawa na mita 914. Mtu akianza kuupima umbali huo katika Mowlem, kata ya Embakasi Magharibi jijini Nairobi, hataufikia mwisho wake kabla ya kupita maduka, vioski, magorofa na watoto wachezao mpira. Basi mkazi wa huko apendaye elimu ya shabaha yampasa kwanza afahamu kwamba risasi ya bunduki ya baruti nyeusi, ijapokuwa bunduki yenyewe ni ya kizamani, yaweza kuua mtu ng'ambo ya mitaa hiyo yote. Ndiyo maana Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, yamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na vitu vilipukavyo navyo vina sheria yake, Sura ya 115. Mahali pa kupigia ni uwanja wa shabaha uliowekwa kwa kazi hiyo, kama ule wa Kirigiti katika Kiambu.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Katika kila mafungu 100, mafungu 75 ni shura, 15 ni makaa, na 10 ni kiberiti. Hiyo ndiyo baruti ya magobori, na haina undugu na baruti isiyo na moshi itumiwayo katika bunduki za siku hizi. Mtu akiitia hii ya pili katika gobori kwa kipimo kile kile cha kwanza, kasiba yaweza kupasuka karibu na uso wake. Katika jambo hili hapana kujaribu kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye kipenyo, yaani upana wa tundu la kasiba. Wengi hudhani kwamba tundu pana ndilo lipigalo mbali. Mambo yalivyo ni kinyume. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, iliyokuwa ya jeshi la Waingereza, ilikuwa na tundu la milimita 14.7, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 34 hivi. Fundi Joseph Whitworth alitengeneza bunduki yenye tundu la milimita 11.5 tu, na risasi yake ikawa na uzito ule ule wa gramu 34. Risasi nyembamba yenye uzito sawa na ile nene haina budi kuwa ndefu zaidi, nayo hupasua hewa kwa urahisi, kama mtumbwi mwembamba upasuavyo maji. Lakini risasi ndefu isipozungushwa kwa nguvu hupinduka hewani. Kwa hiyo mifereji ya ndani ya kasiba ya Whitworth ilizunguka mara moja katika kila inchi 20, hali ile ya Enfield ilizunguka mara moja katika inchi 78. Katika mwaka 1860, mashindano yalipofunguliwa huko Wimbledon, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyokazwa juu ya kiti cha chuma, na risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha umbali wa yadi 400.

Hata hivyo kipenyo kikubwa hakikutupwa. Chama cha mataifa kisimamiacho mashindano ya bunduki za kushindilia, kiitwacho MLAIC, kina shindano liitwalo Minié, ambalo hutaka bunduki ya kijeshi yenye tundu lisilopungua milimita 13.5, kwa umbali wa mita 100. Kwa umbali huo Enfield yatosha sana. Mpigaji hupewa dakika 30 apige risasi 13, na 10 zilizo bora ndizo zihesabiwazo. Mtu asitafute bunduki kabla hajajua ni shindano gani atakaloliingia.

Kipimo cha baruti ndicho kitakacho saburi. Jeshi lilitia gramu 4.4 katika Enfield, kwa kuwa askari alihitaji kumpiga adui aliye mbali. Mshindani wa mita 100 hana adui. Wengi hupunguza hata kufika gramu 3 au chini yake kidogo, na risasi zao hukusanyika vizuri zaidi, tena bega haliumii hata wakaogopa kuvuta mtambo. Njia iliyo njema ni kuanza na kipimo kidogo kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki, kupiga risasi 5, kupima upana wa matundu katika karatasi, kisha kuongeza theluthi ya gramu na kupiga tano nyingine, bila kuvuka kamwe kipimo cha juu alichokitaja mtengenezaji huyo. Abadilishe jambo moja tu kila mara. Akibadili baruti, risasi na mafuta kwa pamoja, hatajua ni lipi lililomfaa.

Baruti isimiminwe kutoka kwenye chupa kubwa moja kwa moja ndani ya kasiba, maana cheche yaweza kuwa imebaki humo. Humiminwa kwanza katika kikombe kidogo cha kipimo. Kisha risasi husukumwa kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti kabisa. Ikiachwa nafasi katikati, kasiba huweza kuvimba au kupasuka. Fataki huwekwa mwisho, mpigaji akiwa tayari amekabili shabaha. Risasi yenyewe iwe ya risasi laini isiyochanganywa na madini mengine, ili ipanuke na kuishika mifereji, nayo ipakwe nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu. Shahamu si jambo dogo: uvumi kwamba mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe yamepakwa katika karatasi za risasi za Enfield ulikuwa mmojawapo wa sababu za maasi ya askari wa Bara Hindi mwaka 1857.

Nchi zetu nazo ziliijua baruti hii vitani. Novemba 1914, majeshi yaliyotoka Bara Hindi yaliposhuka Tanga, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye tundu la milimita 11, gramu 5 za baruti nyeusi na risasi ya gramu 25. Walishinda, lakini kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali walipolala. Vita hivyo ndivyo vilivyoacha jina la Kariokor jijini Nairobi, kutokana na kikosi cha wapagazi. Katika uwanja wa mashindano moshi huo haumwui mtu, ila upepo usipovuma humzuia mpigaji kuiona shabaha yake, naye hana budi kungoja.

Na katika kungoja asisahau ni shabaha ipi iliyo yake. Mwaka 1874, huko Creedmoor katika Marekani, Waayalandi wenye bunduki za kushindilia za Rigby walishindana na Wamarekani wenye bunduki za kujaziwa nyuma, kwa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walipata 934, Waayalandi 931. Mmoja wa Waayalandi, J. K. Milner, alikuwa amepiga barabara katikati ya shabaha ya mtu mwingine, na pigo lile halikuhesabiwa.

Shindano likiisha, bunduki isirudishwe kabatini ikiwa chafu. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na kasiba huanza kuota kutu upesi, hasa pwani. Huoshwa siku iyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, hupitishwa vitambaa vikavu mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha hupakwa mafuta ndani na nje. Kesho yake hupitishwa kitambaa kimoja tena. Kikitoka na wekundu wa kutu, kazi yote hufanywa upya.