Sikio Kabla ya Kalamu: Mwambatano wa Konsonanti katika Maandishi ya Mtoto

Mtoto wa darasa la pili anasomewa imla. Mwalimu anatamka "nyumba", mtoto anaandika "nyuba". Anatamka "chungwa", mtoto anaandika "chuga". Daftari linajaa wino mwekundu, naye anaamriwa kuandika kila neno mara kumi. Makala haya yanashikilia kwamba adhabu hiyo hailengi kosa lilipo. Mkono wa mtoto umeandika kile hasa ambacho sikio lilipokea.

Tuanze na kinywa. Katika "nyumba", /m/ na /b/ hutamkiwa mahali pamoja, midomoni. Midomo hufungwa mara moja tu. Hewa hupita puani kwa muda mfupi, kisha midomo huachana. Ndivyo ilivyo pia kwa /n/ na /d/ katika "ndege", ulimi ukiwa kwenye ufizi. Wanaisimu wenyewe hawajaafikiana iwapo /mb/ ni fonimu moja au mbili. Si ajabu, basi, mtoto wa miaka saba akisikia sauti moja na kuandika herufi moja.

Aghalabu mtoto hukaririshwa mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Orodha hiyo ina manufaa yake, ila haimwonyeshi kinachotenganisha "ba" na "mba". Na aambiwe abane pua kwa vidole viwili, atamke "kaba", kisha "kamba". La kwanza hutoka bila taabu. La pili hukwama. (Watoto huangua kicheko, na somo la lugha halidhuriki kwa kicheko.) Kile kilichokwama ndicho kinachodai herufi yake.

Kiswahili kimetuwekea hazina nyingine ambayo haitumiwi ipasavyo, nayo ni hali ya ukubwa. Ndege akikuzwa huwa dege, mbuzi huwa buzi, ngoma, goma, nguo, guo. Nomino hizi zikivuliwa nazali ya mwanzo, kitu hukua. Hapa sauti ndogo hubeba maana inayoonekana, na mtoto huipenda. Mwalimu atamke maneno haya bila mpangilio. Watoto wanyooshe mikono wakisikia "dege", waikunje wakisikia "ndege". Asiandike mtu chochote hadi mikono ya darasa zima iende pamoja. Baadaye ndipo kalamu zitolewe.

Zoezi hili lina uzito wa pekee kwa mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Gikuyu. Katika lugha hiyo, vipasuo ghuna /b/, /d/ na /g/ havitokei bila kutanguliwa na nazali. Ndiyo maana "gari" liliingia humo kama "ngari". Mtoto huyu hapotezi nazali, bali huiongeza: "ndawa", "ngari". Wenzake wakimcheka, huenda usimsikie tena akisoma kwa sauti muhula mzima.

Tahadhari moja ni muhimu. Si kila m iliyotangulia konsonanti huungana nayo. Mbuni, yule ndege mrefu, ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni, mti uzaao kahawa, una tatu: m-bu-ni. Hali kadhalika m-bwa na n-chi yana silabi mbili, kwani mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno mafupi hivyo nazali hulazimika kuubeba. Watoto wapige makofi kwa kila silabi, nao watalisikia hilo bila kuhutubiwa.

Ch, sh, ny na ng' ni sauti moja moja zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, na zifundishwe mbali na miambatano. Maneno ya mkopo nayo yana mambo yake. Aandikaye "bulanketi" badala ya "blanketi" anafuata desturi ile ile iliyotupa "kilabu". Asahihishwe, lakini aambiwe pia kwamba wakubwa walimtangulia.