Chuo cha mtandaoni kinanizungusha

SWALI: Naishi Marekani na nasoma uzamivu katika chuo cha kibiashara cha mtandaoni. Kila nikiwasilisha pendekezo la utafiti, linarudi na masahihisho mapya, na ada inaendelea. Deni linanielemea. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, dada. Jambo hili limeshafika mahakamani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Walden walilalamika kwamba utafiti wao ulirefushwa ili waendelee kulipa. Mwaka 2024 chuo kilikubali kutoa dola milioni 28.5, bila kukiri kosa.

Anza na ushahidi, leo hii, maana akaunti yako ikifungwa, barua pepe za chuo huondoka nayo. Hifadhi ahadi za ofisa udahili, risiti, tarehe uliyowasilisha kila pendekezo na siku lilipokurudia. Msimamizi akibadilishwa, andika hilo pia. Hapo ndipo muda mwingi hupotelea.

Kisha angalia deni ni la nani. Kama ni mkopo wa serikali kuu, unaweza kuiomba Wizara ya Elimu iufute ukionyesha kwamba chuo kilikudanganya. Mkopo wa benki hauingii humo, na hilo linaniuma. Mwandikie pia mwanasheria mkuu wa jimbo lako: wa California alikishtaki Chuo Kikuu cha Ashford na akashinda mwaka 2022.

Kabla ya kujisajili tena, dai kwa maandishi hatua zilizobaki na nani anazipitisha. Ila ukisimamisha masomo, marejesho ya mkopo wa serikali kwa kawaida huanza baada ya miezi 6.