TANO NA ISHIRINI NI NGAPI?

Ndugu msomaji, tuseme marehemu babu yako aliacha karatasi ya shamba. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani walivyoandika zamani. Unampelekea mwalimu wa chuo akusomee. Akifika kwenye hesabu ya minazi anasema: "Khamsa wa ishrin."

Wewe unashika kalamu. Umesikia tano kwanza, unaandika 5. Halafu umesikia ishirini, unaandika 2. Umepata 52. Basi, ugomvi wa minazi 27 umeshaingia katika ukoo! Maana minazi yenyewe ni 25.

Sisi tunaanza na makumi: ishirini na tano. Mwarabu anaanza na mamoja: tano na ishirini. Hiyo "wa" ndiyo "na" yetu. Wajerumani nao husema hivyo hivyo. Ikiwapo mia, hiyo hutangulia: mia wa khamsa wa ishrin, yaani 125. Ni mamoja na makumi tu yanayopishana.

Na tarakimu je? Mwandiko wa Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini tarakimu zake zimekaa kama zetu, makumi kushoto, mamoja kulia. Usizigeuze.

Sasa tazama 11 mpaka 19. Hapa hakuna "wa". Maneno mawili yanashikana: ahada ashara ni 11, ithna ashara ni 12, thalathata ashara ni 13. Wazee wetu waliyachukua wakayafanya neno moja moja: edashara, thenashara, thelatashara, arobatashara, hamstashara, mpaka tisatashara. Siku hizi ni wachache wanaoyasema. Hata hivyo, msomaji wa Biblia analijua neno Thenashara, wale wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Na Waislamu wa Shia Ithnaasheri wanaitwa hivyo kwa sababu ya maimamu wao 12.

Pana jambo moja gumu, nalo huwasumbua hata wanafunzi wa Kiarabu. Lugha ile hugawa majina yote mawili, ya kiume na ya kike. Kitabu ni cha kiume, gari ni la kike. Ukihesabu wanaume 13 unasema thalathata ashara. Ukihesabu wanawake 13 unasema thalatha ashrata. Umeona? "Ta" ya kike imekaa kwenye tatu ya wanaume! Kumi inafuata jina, tatu inakwenda kinyume. Na "ta" hiyo hiyo ndiyo unayoisikia katika thelatashara yetu.

Tena, kuanzia 11 mpaka 99 jina hubaki la umoja, kama kwamba tungesema "kumi na tatu mtu". Sisi tunasema watu kumi na watatu, viti kumi na vitatu. Lakini watu sita, viti sita: sita haibadiliki. Saba na tisa pia. Hizo tatu tulizipata kwa Waarabu, hazikuingia katika ngeli zetu.

Zoezi. Andika kwa tarakimu:
1. Sitta wa arbain
2. Mia wa saba wa thalathin
3. Arobatashara

Majibu: 46, 137, 14.