Pumba za Kiangazi kwa Kondoo wa Malishoni

Mnunuzi mzoefu kwenye mnada wa kondoo Kajiado hukawia kutaja bei. Kwanza humpapasa mnyama mgongoni, kisha shina la mkia. Anatafuta nyama iliyojaa juu ya uti na mafuta ya kiasi, na kiangazi kikishika, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kupotea. Hapo ndipo mfugaji anapokimbilia duka la vyakula vya mifugo.

Simkatazi. Ila ajue kwanza nyasi zilikuwa zikimfanyia kazi gani.

Kondoo aliyekua kwa majani mabichi ana omega-3 nyingi kuliko wa kulishwa nafaka, na msuli wake una vitamini E. Vitamini hiyo huchelewesha nyama kugeuka kahawia buchani au safarini, jambo kubwa kwa Kenya inayouza nyama ya mbuzi na kondoo hadi nchi za Ghuba. Majani yakikauka, vitamini E hushuka sana, na pumba za mahindi haziwezi kuziba pengo hilo. Majani mabichi ya lusina husaidia, lakini yasizidi robo ya mlo, kwa kuwa yana mimosini, sumu inayonyonyoa manyoya.

Pumba zinaleta nguvu. Sehemu ya nguvu hiyo huwekwa msulini kama glaikojeni, ambayo baada ya kuchinja hugeuka asidi na kushusha pH kutoka takriban 7 hadi karibu 5.6. Kondoo aliyeshinda njaa, akaswagwa mwendo mrefu hadi machinjioni, akiba hiyo imekwisha. pH yake hubaki juu, nyama inakuwa nyeusi na kuharibika mapema. Mchoma nyama hodari hawezi kuiokoa.

Kwa kondoo wa kilo 25, mimi huchanganya pumba sehemu tatu na mashudu ya alizeti sehemu moja. Mfugaji aanze na gramu 50 hadi 100 kwa siku, apandishe polepole kwa wiki mbili mpaka gramu 300, jioni kundi likisharudi. Akiharakisha, asidi hujaa tumboni, kondoo huhara, wengine hufa. Wiki sita hadi nane kabla ya kuuza zinatosha. Mashudu yenye ukungu yatupwe, hata kama yamenunuliwa kwa bei ya kuuma.

Mchanganyiko wa madini wa ng'ombe usimkaribie kondoo: shaba iliyomo humjaa kwenye ini na kumuua.

Halafu kuna harufu, ile inayowafanya baadhi ya walaji wamkwepe kondoo. Jamii ya kunde mbichi ikizidi, protini yake huzalisha skatoli tumboni, nayo huishia kwenye mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Catania, Italia, waliona harufu hiyo ikipungua kondoo walipopewa tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi. Maganda ya mgunga, yanayodondoka bure wakati wa kiangazi, yana tanini pia.

Kondoo aina ya Dorper hulipa gharama hii haraka zaidi, maana hukua upesi. Kondoo mwekundu wa Kimasai hustahimili minyoo vizuri, lakini akizidishiwa pumba, mafuta mengi hukimbilia mkiani.

Mvua ikishanyesha na nyasi zikawa mbichi, acha kununua pumba. Nunua jiwe la chumvi la kondoo, na hela inayobaki iweke.