Kisogo Kimebonyea Upande Mmoja

SWALI: Mtoto wangu ana miezi mitatu, kisogo kimebonyea upande wa kulia. Bibi yake anakikanda kwa kitambaa cha moto kila jioni. Kitarudi? – Mama, Manyoni, Singida.

JIBU: Bibi aache kukanda. Anakanda kwa mapenzi, lakini fuvu halinyooshwi kwa joto wala vidole, na ngozi ya mtoto huungua upesi.

Fuvu la mtoto mchanga ni laini; akilalia upande uleule siku nzima, hubonyea. Mara nyingi chanzo ni shingo iliyokaza: anageukia kulia tu, kushoto hataki. Mama aangalie mtoto anatazama wapi anapolala: mlangoni kwenye mwanga? Basi amgeuze, kichwa kiwe ilipokuwa miguu. Alale chali bado, maana kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Akiwa macho, alazwe kwa tumbo kwenye mkeka, dakika chache mara kadhaa kwa siku, mtu akimtazama. Mbeleko nayo husaidia: mgongoni, kisogo hakigusi kitu.

Ulaya na Marekani huuzwa kofia maalumu za kurekebisha fuvu, ghali kwelikweli. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2014, wenye watoto 84, haukuona tofauti kati ya waliovaa na wasiovaa walipofika miaka miwili.

Ila utosi ukivimba, kichwa kikikua haraka, au ukipapasa tuta gumu kwenye maungio ya fuvu, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali leo, na kadi yake.